Nyahururu ni ya Nani? Mpaka, Soko na Kura

Wenzangu, wengi mliomba maandishi ya mazungumzo yangu kuhusu mipaka ya kaunti. Nayaweka hapa yote kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale niliporudiarudia. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunajadili jambo, hatujadili mtu.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Si wakili, si mgombea, na sina ploti Nyahururu. Naanza hivyo kwa sababu ukitaja mpaka wa kaunti hapa Kenya, kabla hujamaliza sentensi utaulizwa, "Kwanza wewe ni wa wapi?"

Mjadala wenyewe mnaujua. Mtu anasimama jukwaani anasema Nyahururu ni mji wa Nyandarua, urudishwe kwa wenyewe. Mwingine anasimama upande wa pili anasema mji ni wa Laikipia na hauendi popote. Kote kote watu wanapiga makofi. Mkutano ukiisha, mama aliyekuwa akiuza kabichi kando ya jukwaa anafunga mzigo wake, analipa ada ya soko, anapanda matatu kurudi nyumbani. Hakuna lililobadilika kwake.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Swali la "mji ni wa nani" ni tamu, lakini linaficha swali lingine ambalo lina pesa ndani yake: yule anayelipa pale mjini, anaweza kumwajibisha nani?

Tuanze na ardhi yenyewe, maana bila kuelewa mahali, huwezi kuelewa ugomvi.

Nyahururu uko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mstari wa ikweta uko karibu kabisa. Aliyewahi kulala huko mwezi wa saba anajua kwamba ikweta na joto ni vitu viwili tofauti. Upande wa kusini na mashariki kuna nchi ya Nyandarua: mvua, udongo mzuri, waru, kabichi, karoti, maziwa. Ukishika barabara ya kaskazini kwenda Rumuruti hadi Maralal, nchi inabadilika machoni pako. Inakuwa tambarare na kavu, unaanza kuona ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ranchi kubwa kubwa. Magharibi unateremka Subukia hadi Nakuru. Kusini kuna barabara ya Ol Joro Orok na Ol Kalou inayokwenda kutokea Gilgil.

Kwa hivyo mji uko pale ambapo nchi ya jembe inakutana na nchi ya mifugo. Mwenye viazi anamhitaji mwenye mbuzi, na wote wawili wanamhitaji mwenye lori. Mahali kama hapo lazima soko lizaliwe, hata kama serikali imelala.

Mazungu Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, na ndiyo sababu wazee wengine mpaka leo wanaita mji huo Thomson's Falls. Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 74. Maji yale ni ya mto Ewaso Narok, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni Ziwa Ol Bolossat, ambalo liko Nyandarua. Yaani maji yanatoka Nyandarua, yanarukia Laikipia, watalii wanapiga picha, halafu yanaendelea kaskazini mpaka yanaingia Ewaso Ng'iro. Mto haujawahi kuulizwa uko kaunti gani.

Reli ya tawi kutoka Gilgil ilifika hapo mwaka 1929. Ilijengwa kubeba mazao ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na mji ukakua ukizunguka kituo. Uhuru ulipokuja, mashamba mengi ya upande wa Nyandarua yalinunuliwa na kugawanywa kuwa skimu za makazi, familia zikapewa ekari zao. Ndiyo maana Nyandarua imejaa wakulima wadogo. Na mkulima mdogo anahitaji mji wa karibu: wa kuuza, wa kununua mbegu na mbolea, wa kwenda benki, wa kupeleka mtoto hospitali.

Mji wa karibu kwa wengi wao ulikuwa Nyahururu.

Sasa tuingie kwenye utawala. Zamani za mikoa, Laikipia ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa, Nyandarua ilikuwa Mkoa wa Kati. Lakini baada ya uhuru makao ya wilaya ya Nyandarua yalikuwa Nyahururu. Mkaazi wa Nyandarua akitaka kumwona DC, alikwenda Nyahururu. Baadaye makao yakawa Ol Kalou. Nyahururu ukabaki Laikipia.

Hapo ndipo hisia zinapotoka. Ukimsikia mzee wa Ndaragwa au Ol Joro Orok akisema "huu ulikuwa mji wetu", usimcheke. Anakumbuka ofisi, si hadithi tu.

Halafu ikaja Katiba ya 2010 na kaunti 47. Kaunti hizo zilifuata wilaya za sheria ya mwaka 1992, jumlisha Nairobi. Hakuna aliyekwenda na kamba kupima upya nani anauzia wapi. Mistari iliyokuwepo ikapewa mamlaka mapya, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Zamani mpaka wa wilaya ulikuwa mpaka wa ofisi za serikali moja. DC wa huku na DC wa kule wote walikuwa wafanyakazi wa mwajiri mmoja. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mpaka ule ule ukawa mpaka wa bajeti mbili, mabunge mawili, magavana wawili na sheria mbili za fedha. Mstari haukusogea hata hatua moja, lakini uzito wake ukabadilika kabisa.

Na kuna badiliko la pili ambalo watu hawalizungumzi. Nyahururu ulikuwa na baraza lake la manispaa, lenye madiwani wa kuchaguliwa na meya. Mabaraza hayo yalikwisha 2013. Leo tuna Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho 2019. Chini ya sheria hiyo, manispaa inasimamiwa na bodi pamoja na meneja, na bodi inateuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Hivyo hata mkaazi wa katikati ya mji hamchagui mtu wa kuendesha mji. Anamchagua mwakilishi wa wadi, anamchagua gavana wa kaunti nzima, halafu anangoja. Na bunge la kaunti lenyewe linakaa Nanyuki, kule upande wa Mlima Kenya.

Mnaona tunapoelekea. Mtu wa mjini ana kamba ndefu kumfikia anayeamua. Sasa hebu tumchukue yule asiyekuwa na kamba kabisa.

Tuseme kuna mama ana ekari mbili za waru upande wa Ndaragwa. Amejiandikisha kupiga kura huko. Wakati wa sensa ya 2019 alihesabiwa huko. Mwakilishi wake wa wadi, gavana wake, seneta wake, wote ni wa Nyandarua. Sasa fuata siku yake. Anavuna, anapakia magunia, mzigo unatozwa ushuru wa mazao njiani. Anafika Nyahururu, analipa ada ya soko. Anauza. Mvua imenyesha, soko ni matope, choo kimefungwa, kibanda hakina paa. Anataka kulalamika. Kwa nani?

Akienda kwa mwakilishi wake wa wadi, ataambiwa ukweli: mama, soko lile haliko kwetu. Akienda kwa mwakilishi wa wadi ya mjini, atasikilizwa kwa heshima, lakini mheshimiwa yule anajua kuhesabu. Mama huyu hana kura kwake. Risiti anayo, kura hana.

Hilo ndilo tatizo la miji ya mpakani. Katika darasa letu tunafundishwa kwamba kodi na uwakilishi ni ndugu wa toka nitoke. Kwenye mpaka, ndugu hao wanaishi nyumba tofauti.

Lakini nisiwe wa upande mmoja, maana Laikipia nayo ina neno. Hospitali ya kaunti iliyoko Nyahururu haimuulizi mgonjwa ametoka wadi gani. Inapokea wa Rumuruti, wa Kinamba, wa Sipili, na inapokea pia wa Ol Joro Orok na Ndaragwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa, afya ni haki chini ya Kifungu cha 43. Lakini wauguzi wanalipwa na kaunti moja. Katika fomula ya tatu ya kugawa pesa kwa kaunti, idadi ya watu ilipewa asilimia 18, na yule mama amehesabiwa Nyandarua. Ni kweli fomula hiyo iliipa afya asilimia 17, kwa hivyo si haki kusema mgawo haukuona hospitali. Ila ukikaa upande wa anayeandika bajeti ya hospitali ile, utaelewa kwa nini anasema, "Jirani anatuletea wagonjwa na hatuletei shilingi."

Na kuna watu wa Ol Moran na Sipili. Hao wako Laikipia Magharibi, na mji wao mkubwa wa karibu ni huo huo Nyahururu. Ukiuhamisha mji leo, kesho wao ndio watakuwa na risiti bila kura. Utakuwa umehamisha tatizo, hujalimaliza.

Sasa swali la "urudishwe". Je, inawezekana? Inawezekana, ila tuambiane gharama. Mpaka wa kaunti unabadilishwa chini ya Kifungu cha 188. Kwanza Bunge liunde tume huru kwa kazi hiyo, na tume ipendekeze. Pili, Bunge la Kitaifa lipitishe kwa angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Wabunge ni 349, kwa hivyo tunazungumza kura 233. Tatu, Seneti ipitishe kwa theluthi mbili ya kaunti zote, yaani kaunti 32 kati ya 47. Hebu fikiria seneta wa kaunti ambayo nayo ina ugomvi wake wa mpaka. Atafungua mlango huo kwa hiari?

Na hapa kuna kosa linalorudiwa kila siku mitandaoni: watu wanasema "tungoje IEBC ichore upya mipaka". IEBC, chini ya Kifungu cha 89, inashughulika na mipaka ya maeneo bunge na wadi. Mpaka wa kaunti si kazi yake. Mwanasiasa akikuahidi kwamba zoezi la IEBC litauhamisha mji kutoka kaunti moja hadi nyingine, ama hajasoma Katiba ama anajua wewe hujaisoma.

Kwa hivyo anayeahidi kurudisha mji katika muhula mmoja anaahidi kitu ambacho yeye peke yake, hata akiwa gavana, hana mamlaka ya kukitoa. Muulize swali moja tu kwa upole: "Mheshimiwa, kura 233 na kaunti 32 utazipata wapi?" Halafu kaa kimya umsikilize.

Tufanye nini sasa? Sitaki mrudi nyumbani na huzuni peke yake. Kuna mambo matatu ambayo yako ndani ya sheria leo, hayahitaji kusogeza mpaka.

La kwanza ni Kifungu cha 189. Kinasema serikali, pamoja na kaunti na kaunti, zishirikiane, na kwamba zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Za pamoja! Kaunti hizi mbili zinaweza kukaa na kukubaliana kuhusu soko, hospitali, maji ya Ol Bolossat na barabara za kuingia mjini.

Mfano mzuri ni gunia la viazi. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini sote tunaijua lumbesa, lile gunia lililoongezewa shingo mpaka linaonekana lina mimba. Broka ananunua kwa bei ya gunia, anabeba karibu gunia na nusu. Sasa kaunti moja ikikaza na jirani ikilegeza, broka anasogea upande uliolegea, na yule mkulima aliyelindwa anabaki na waru zake shambani. Huwezi kumlinda mkulima wa viazi kwa upande mmoja wa barabara. Ama mnakaza wote, ama hakuna aliyekaza. Sasa waulize wagombea wa pande zote mbili: mpango wenu wa pamoja kuhusu gunia uko wapi? Hilo linaingia mfukoni mwa mtu kuliko wimbo wa mpaka.

La pili ni Kifungu cha 209, kile kidogo cha 5. Kinasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayoumiza shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa nchini. Sisemi kila ushuru wa mazao ni haramu, hiyo ni kazi ya mahakama. Nasema kwamba mkulima akitozwa huku na kule kwa gunia lile lile, ana msingi wa Katiba wa kuuliza, si wa kuomba tu. Atunze risiti zote mbili. Mdomo unabishana, lakini risiti mbili za siku moja zinajieleza zenyewe.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na halijulikani. Ada za soko hazishuki kutoka mbinguni. Kila mwaka kaunti inapitisha sheria yake ya fedha, na kabla ya kuipitisha lazima umma ushirikishwe. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Angalieni neno: umma. Hakikusema wapiga kura wa kaunti hiyo pekee. Na Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya umma. Kila mtu. Yule mama wa Ndaragwa ana haki ya kuandika memoranda kuhusu ada ya soko la Nyahururu. Wakiandika wakulima 200 kwa pamoja, na wenye maduka wa mjini wakaongeza sahihi zao kwa sababu wanajua siku ya soko bila wakulima wa Nyandarua ni siku ya kupiga miayo, hiyo ni nguvu. Siyo kura, nakubali. Lakini kura yenyewe huja mara moja kwa miaka mitano, na sheria ya fedha huja kila mwaka.

Kabla sijamaliza, niliulizwa swali na kijana mmoja aliyekaa nyuma, naliweka hapa kwa sababu wengi mtaliuliza. Alisema, "Si wenyeji wa mji wapige kura wao wenyewe waamue wanataka kaunti gani?"

Ni swali zuri, na kwa kusikiza linaonekana la haki kabisa. Lakini Kifungu cha 188 hakijaweka kura ya aina hiyo. Kinaorodhesha mambo saba yanayoweza kuangaliwa: msongamano na mwenendo wa idadi ya watu, miundombinu, uhusiano wa kihistoria na kitamaduni, gharama ya utawala, maoni ya jamii zinazohusika, malengo ya ugatuzi, na sura ya nchi. Maoni ya watu yamo, lakini ni moja kati ya saba. Na hata kama ingekuwepo kura, nilimuuliza: tungemwita nani mwenyeji? Mwenye nyumba mjini? Mwenye kibanda sokoni anayelala Ol Joro Orok? Mfugaji wa Rumuruti anayekuja siku ya mnada? Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa umenichanganya." Nikamwambia hata mimi nimechanganyikiwa, na nadhani ni afadhali tuchanganyikiwe hapa kuliko kuwa na uhakika wa bure jukwaani.

Namalizia. Sikuja kuwaambia Nyahururu ni ya nani. Kwenye karatasi iko Laikipia, na kwenye kumbukumbu na tumbo la watu wengi wa Nyandarua ni mji wao pia. Yote mawili ni kweli, na mtu anayekutaka uchague moja ili umchukie jirani yako anatafuta kura yako, hatafuti suluhu.

Mkutano ujao, mkisikia wimbo wa mpaka umeanza, msipige makofi haraka na msizomee pia. Inueni mkono mwulize kuhusu matope ya soko, gunia la kilo 50 na risiti mbili za gunia moja. Mwulize amewahi kukaa meza moja na wenzake wa kaunti jirani, lini, na walikubaliana nini.

Karibuni na maswali hapa chini. Na kama una risiti za huku na za kule za mzigo mmoja, ficha jina lako uziweke, tuzisome pamoja.